Picha za karibu za kuta na mabati chakavu

Ni aina ya upigaji picha ambamo kamera husogezwa karibu sana na kitu kilicholiwa na jua, mvua au kutu, hadi kitu chenyewe kisitambulike na zibaki rangi, mistari na mikwaruzo tu. Mmarekani Aaron Siskind (1903–1991) aliipa heshima kuanzia miaka ya 1940 kwa picha za rangi zilizobanduka na mabango yaliyochanika.

Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, zina utajiri mkubwa wa mada hizi. Udongo mwekundu, wenye oksidi ya chuma, hurukia kuta za chokaa wakati wa mvua na kuacha ukanda wa madoadoa karibu na msingi. Bati ndilo zuri kuliko vyote. Zinki inayolifunika ikiisha, mara nyingi kwenye matundu ya misumari, kutu huchomoza ikiwa rangi ya chungwa, hukolea kuwa kahawia, kisha huteremka kwa michirizi kufuata migongo ya bati. Boma la Wajerumani mjini Biharamulo nalo lastahili kutazamwa kwa jicho hili, si kwa picha za mbali pekee.

Mwanga wa saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, unaopiga ukuta kwa ubavu, huinua kila ufa. Kamera ishikwe sambamba na ukuta, kwani kwa ukaribu huo sehemu inayoonekana vizuri huwa na kina cha milimita chache tu. Simu yenye lenzi ya makro yatosha.