Mkalimani wa Viziwi Hufundishwa na Nani?

Leo somo letu ni la historia.

Tuseme mama mmoja kiziwi ametoka Nkoaranga, migombani kwake, akaenda kwa daktari mjini Arusha. Daktari hajui lugha ya alama. Mtoto wa mama huyo, wa miaka kumi, ndiye anayefasiri. Daktari anasema, "Ameze kidonge kimoja mara tatu kwa siku." Mtoto anaonyesha vidole vitatu, kisha anaonyesha kumeza. Mama amefahamu nini? Vidonge vitatu kwa mara moja! Mtoto hana kosa. Hakufundishwa.

Basi, afundishwe na nani? Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, katika nchi ya Italia. Wakakata shauri kwamba viziwi wafundishwe kusema kwa mdomo, na alama ziachwe. Nao waliokata shauri hilo karibu wote walikuwa watu wanaosikia! Shule nyingi duniani zikalifuata. Mtoto akitumia mikono darasani, alikatazwa. Lakini lugha haikufa, maana watoto walifundishana wenyewe kwa wenyewe bwenini.

Katika nchi yetu, shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963. Ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974. Alama za shule moja hazikuwa sawa zote na za shule nyingine, kama Kiswahili cha Mombasa kisivyo sawa na cha Unguja. Kwa hiyo mkalimani aliyejifunzia mahali pamoja tu huweza kukwama akikutana na kiziwi wa kwingine.

Jirani zetu wa Uganda waliitaja lugha ya alama katika Katiba yao ya mwaka 1995. Mwaka 1996 Bwana Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, akaingia Bungeni. Hapo ukalimani wa kubahatisha haufai. Baadaye Chuo Kikuu cha Kyambogo kikafundisha wakalimani.

Mwanagenzi wa useremala hukaa na fundi wake, hukosea, husahihishwa. Mkalimani naye ni vivyo hivyo, ila yeye ahitaji mafundi wawili. Mmoja ni mkalimani mzoefu, wa kumwonyesha namna ya kufasiri bila kuongeza neno, na kutunza siri za watu. Wa pili ni kiziwi mwenyewe, wa kumwambia kama mikono yake inafahamika. Huyu wa pili ndiye husahauliwa mara nyingi.

Hapa Meru tunacho Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru, kinachofundisha walimu wa elimu maalumu. Lakini kufundisha ni kazi moja, kufasiri ni nyingine. Ukitaka mlezi, muulize: umefasiri wapi, kwa miaka mingapi? Kisha waendee viziwi, ukaulize kama wanamjua. Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sasa kaeni wawili wawili. Mmoja aonyeshe kwa mikono, bila sauti: kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Mwenzake aandike alichofahamu.