Kutoka Mshika Dau hadi Mdau: Historia ya Neno la Kiingereza "Stakeholder" na Athari Zake katika Lugha ya Sera Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia safari ya neno la Kiingereza "stakeholder" kutoka maana yake ya msingi katika michezo ya kamari hadi maana ya kitamathali inayotawala nyaraka za sera leo. Hoja kuu ni kwamba safari hiyo haikuipanua maana tu, bali iliigeuza: aliyekuwa mtu asiye na maslahi katika shindano akawa mtu mwenye maslahi. Kiswahili kililipokea neno baada ya mgeuko huo na kulipa sura mbili, "mdau" na "mshikadau", zote zikiegemea taswira ya dau. Makala yanaonyesha kwamba taswira hiyo huelekea kumficha mtu anayeathiriwa na uamuzi bila ya kuweka chochote, na yanapendekeza namna wafasiri na washauri wa sera wanavyoweza kuliziba pengo hilo kwa maneno ambayo Kiswahili tayari kinayo.

1.0 Utangulizi

Ni nadra leo kusoma waraka wa sera katika ukanda huu bila ya kukutana na wadau. Wadau huitwa mikutanoni, hutoa maoni, huipitia rasimu, na hatimaye hushukuriwa katika dibaji. Neno limezoeleka kiasi kwamba ni wachache wanaouliza lilikotoka. Hata hivyo, neno linaloamua nani aitwe mkutanoni na nani asiitwe halistahili kupita bila ya kuulizwa.

Swali la makala haya ni la kihistoria: ni kwa njia gani neno lililomtaja mtunza fedha za kamari lilifikia kumtaja kila mwenye kuhusika na jambo? Na je, katika safari hiyo, ni nini kilichodondoka njiani? Majibu yanatafutwa kwanza katika Kiingereza, kilikozaliwa neno, kisha katika Kiswahili, kilichoipokea maana yake.

2.0 Mshikaji asiye na upande

Katika Kiingereza, "stake" ni umbo moja lenye maana kuu mbili. Ya kwanza, na ndiyo kongwe, ni kigingi: mti uliochongwa ncha na kupigiliwa ardhini. Ya pili ni dau, yaani fedha au kitu kinachowekwa na washindani ili mshindi akichukue. Maana hii ya pili ilishika mizizi katika karne ya 16. Wataalamu wa asili ya maneno hawajakubaliana kama ilitokana na ile ya kwanza. Lisilo na shaka ni kwamba tamathali ilianza mapema. Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, tayari alilitumia neno hili kwa heshima na jina la mtu: heshima nayo iliweza kuwekwa dau na kupotea.

Neno ambatani "stakeholder" lilianza kuonekana katika maandishi mwanzoni mwa karne ya 18, na maana yake ilikuwa bayana. Watu wawili waliposhindana kwa fedha, hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake azishike. Walimtafuta mtu wa tatu, wakamkabidhi fedha za pande zote mbili, naye akazitunza mpaka mshindi ajulikane. Sifa kuu ya mtu huyo ilikuwa kutokuwa na dau lake mwenyewe. Angekuwa nalo, asingeaminika.

Kesi moja ya Uingereza inaionyesha vyema maana hiyo ya awali. Mwaka 1870, John Hampden, aliyeamini kwamba dunia ni tambarare, alishindana na Alfred Russel Wallace, mwanasayansi aliyeifikia nadharia ya uteuzi asilia kwa njia yake mwenyewe sambamba na Charles Darwin. Kila mmoja aliweka pauni 500. Fedha zote alikabidhiwa John Henry Walsh, mhariri wa jarida la The Field. Jaribio lilifanyika kwenye mfereji wa Old Bedford, mashariki mwa Uingereza, kwa kupima mpindo wa maji katika umbali wa maili 6. Walsh aliamua kwamba Wallace ameshinda, akamlipa. Lakini Hampden alikuwa amekwisha kudai fedha zake kabla ya malipo kufanyika, na Sheria ya Michezo ya Kamari ya mwaka 1845 haikuyatambua mapatano ya namna hiyo kuwa mkataba unaoweza kutekelezwa mahakamani. Mwaka 1876 mahakama iliamua kwamba Hampden alikuwa na haki ya kurudishiwa dau lake. Dunia ilithibitishwa kuwa duara, lakini hasara ikamwangukia aliyeithibitisha.

Mahakama haikumwona Walsh kuwa mwenye maslahi. Ilimwona kuwa mshika amana, aliyepaswa kuzirudisha fedha kwa mwenyewe alipozitaka. Maana hiyo haijafa. Hadi leo, katika uuzaji wa ardhi na nyumba nchini Uingereza, na vilevile nchini Kenya iliyorithi mfumo huo wa sheria, wakili anayeshika malipo ya awali kwa niaba ya pande zote mbili huitwa kwa neno hilohilo. Mfasiri atakayemwita wakili huyo "mdau" katika mkataba atakuwa ameugeuza wajibu wake juu chini: atakuwa amemfanya mtu wa kati kuwa mtu wa upande.

3.0 Mgeuko wa karne ya 20

Maana mpya ilizaliwa Marekani, katika fikra za uendeshaji wa makampuni. Kwa mujibu wa R. Edward Freeman, mwananadharia mashuhuri wa dhana hii, neno lilitumika kwa maana hiyo mwaka 1963 katika waraka wa ndani wa Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Waraka huo ulikuwa ukiyataja makundi ambayo kampuni isingeweza kuendelea kuwapo bila ya kuungwa mkono nayo: wenye hisa, wafanyakazi, wateja, wagavi, wakopeshaji na jamii. Katika Kiingereza, neno la mwenye hisa, "stockholder", linakaribiana sana kisauti na "stakeholder". Kwa kubadili sauti chache, waandishi waliwaambia wakurugenzi kwamba mwenye hisa siye pekee wa kusikilizwa.

Hapo ndipo tamathali ilipokamilika. Kampuni ikawa shindano, na kila kundi likawa limeweka kitu mezani: mfanyakazi nguvu zake, mgavi bidhaa zake, mkopeshaji fedha zake. Mshikaji sasa alikuwa akishika dau lake mwenyewe. Yule mtu wa tatu asiye na upande alitoweka kabisa katika taswira hii.

Mwaka 1984 Freeman alichapisha kitabu kilichoieneza dhana hiyo, na ndani yake mpaka ulisogezwa tena. Sasa aliingizwa kila anayeweza kuathiri malengo ya shirika au kuathiriwa nayo. Tofauti kati ya waraka wa 1963 na kitabu cha 1984 ni kubwa. Wa kwanza ulimhesabu mtu kwa sababu kampuni inamhitaji. Cha pili kilimhesabu pia kwa sababu kampuni inamgusa, hata kama haimhitaji. Maana ilikua, lakini neno lilibaki na picha yake ya dau.

Kutoka kwenye makampuni neno lilihamia katika siasa na maendeleo. Januari 1996, Tony Blair, akiwa bado kiongozi wa upinzani nchini Uingereza, alilifanya kuwa msingi wa hotuba yake ya uchumi mjini Singapore. Mwaka huohuo Benki ya Dunia ilichapisha mwongozo wake wa ushirikishaji. Kuanzia mwaka 1999, nchi zilizotaka msamaha wa madeni zilitakiwa kuandaa mikakati ya kupunguza umaskini kwa njia shirikishi. Uganda ilikuwa miongoni mwa za kwanza, mwaka 2000, na Tanzania ikafuata mwaka huohuo. Kwa hiyo neno lilifika kwetu likiwa sharti la kiutawala kabla ya kuwa mada ya mjadala wa kilugha.

4.0 Dau katika Kiswahili

Kiswahili hakikuwa kitupu. Dau la kamari ni neno la siku nyingi. Watu huweka dau na hupandisha dau, na kurasa za michezo leo huandika dau la usajili wa mchezaji. Tanzania ilijenga juu yake neno "mdau", yaani mtu wa dau. Kenya, kwa upande wake, imezoea zaidi "mshikadau", lililofuata muundo wa Kiingereza kiungo kwa kiungo.

Maumbo haya mawili huchukuliwa kuwa visawe, na kimatumizi ni visawe. Kihistoria yana tofauti inayostahili kuangaliwa. "Mdau" liliipokea maana ya kitamathali moja kwa moja, likaiacha ile ya zamani. "Mshikadau", kwa muundo wake, limeihifadhi taswira ya karne ya 18 pasipo kukusudia: anayeshika dau si lazima awe mwenye dau, kama vile mshika kibendera uwanjani asivyochezea timu yoyote. Kenya hutumia umbo la mtu asiye na upande kumtaja mtu mwenye upande, na wasemaji wanaelewana bila ya tatizo. Huo ni ushahidi kwamba maana ya kitamathali imekwisha kukomaa. Msemaji haoni tena kamari ndani ya neno. Ndiyo maana neno lenye asili ya mchezo ulio haramu katika Uislamu linaweza kutumika katika kikao cha kamati ya msikiti bila ya mtu kushtuka.

Suala linakuwa gumu zaidi tunapozitazama nchi jirani. Nchini Burundi na katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nyaraka nyingi hufasiriwa kutoka Kifaransa, ambacho husema "parties prenantes". Kwa muundo wake, hizi ni pande zinazochukua au kupokea. Kiingereza kinamwona mhusika kuwa ameweka; Kifaransa kinamwona kuwa ana cha kuchukua. Mfasiri wa Bujumbura anayeandika "wahusika" na mwenzake wa Dodoma anayeandika "wadau" wanaweza kuwa wanafasiri waraka mmoja wa kikanda, kila mmoja akitoka kwenye picha tofauti. Uwianishaji wa istilahi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki hautatimia kwa kuchagua umbo moja tu. Unahitaji makubaliano kuhusu nani anatajwa na umbo hilo.

5.0 Asiyeweka dau

Tamathali huangaza upande mmoja wa jambo na kuutia kivuli upande mwingine. Dau huwekwa kwa hiari, na mwenye kuliweka anatarajia uwezekano wa kushinda. Je, picha hii inamfaa kila tunayemwita mdau?

Tuchukue mfano wa bomba la mafuta ghafi linaloanzia Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Makampuni na serikali zenye hisa katika mradi wa namna hii ni wadau kwa kila maana ya neno: wameweka mtaji, na wanatarajia faida. Mkulima ambaye njia ya bomba imepita katika shamba lake hakuweka kitu mezani. Shamba lilikuwapo, na mradi ukalifuata. Tukimwita mdau katika orodha moja na mwekezaji, tunawapa usawa wa jina watu wasio na usawa wa hali. Mwenye dau anaweza kuliondoa na kwenda kwingine. Mkulima hana kwingine pa kuupeleka muhogo wake uliokwisha kuota.

Lugha ya watu imekwisha kulitambua hilo. Nchini Tanzania, katika masuala ya fidia, wamezoea kusema "waguswa wa mradi". Neno hili halidai kwamba mtu ameweka chochote. Linasema tu kwamba jambo limemgusa. Tofauti hiyo inaafikiana na Mfumo wa Mazingira na Jamii wa Benki ya Dunia, unaotumika tangu Oktoba 2018, ambao huyatenga makundi mawili ndani ya dhana hii: wanaoathiriwa na mradi, na wengine wenye kuvutiwa nao. Nchini Kanada, wapo miongoni mwa mataifa ya wenyeji asilia waliolikataa kabisa neno la Kiingereza, wakisema kwamba wao ni wenye haki. Baadhi yao huikumbuka pia ile maana kongwe ya kigingi, kwa kuwa walowezi walipigilia vigingi walipojitwalia ardhi.

Katiba zetu nazo zinatumia lugha nyingine. Ibara ya 8 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inazungumzia ushiriki wa wananchi. Ibara ya 10 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaweka ushiriki wa watu miongoni mwa tunu za taifa. Mwananchi hushiriki kwa sababu nchi ni yake, naye hahitaji kwanza kuthibitisha kwamba ana dau. Waraka wa sera unapobadilisha "wananchi" kuwa "wadau", haki ya kikatiba inaweza kugeuka mwaliko, na mwaliko hutolewa na mwenye kikao.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia ya neno hili inaonyesha kwamba maana ya kitamathali haiongezeki juu ya ile ya msingi kama ghorofa juu ya nyumba. Inaweza kuipindua, na bado ikaendelea kuibeba taswira yake. Kwa msingi huo, makala yanapendekeza mambo matatu.

Kwanza, wafasiri wa sheria waitenge maana ya kale. Anayeshika fedha za pande mbili aitwe mshika amana, si mdau. Pili, nyaraka za sera ziyataje makundi kwa majina yao: wadau kwa walioweka mtaji, kazi au utaalamu wao, waguswa kwa wanaoathiriwa, na wananchi pale ushiriki unapotokana na katiba. Tatu, asasi za kuendeleza Kiswahili katika ukanda, zinapowianisha "mdau", "mshikadau" na "mhusika", zitoe fasili pamoja na umbo.

Hatua hizi hazihitaji neno jipya hata moja. Zinahitaji kwamba kabla ya kuandika "wadau walishirikishwa", mwandishi ajiulize ni nani kati yao aliyekuja na dau, na ni nani ambaye dau la wengine limewekwa juu ya ardhi yake.