Aszú

Neno la Kihungaria aszú hutamkwa takriban “asuu”, kwa kuwa sz ya lugha hiyo ni s ya kawaida. Maana yake ni kitu kilichokauka na kunyauka. Katika wilaya ya Tokaj, kaskazini mashariki mwa Hungaria, hutaja zabibu zilizoingiwa na kuvu liitwalo Botrytis cinerea. Ukungu wa asubuhi kutoka mito ya Bodrog na Tisza hulilea kuvu hilo, kisha jua la mchana huikausha zabibu. Ganda hutobokatoboka, maji hutoka, sukari na uchachu hubaki ndani. Katika maeneo mengi mengine zabibu ya namna hiyo ingetupwa.

Mchumaji huchagua punje mojamoja kwa vidole na kuliacha shada lililobaki mzabibuni, akirudi mara kadhaa. Kwa mtengenezaji mdogo mwenye mashamba machache, kazi hii ndiyo inayopandisha bei. Punje hulowekwa katika maji ya zabibu au divai changa, zikakamuliwa, na divai ikawekwa katika mapipa ya mwaloni.

Neno jirani ni puttony, chombo cha kubebea mgongoni chenye takriban kilo 25 za aszú. Zamani idadi ya vyombo vilivyomiminwa katika pipa la lita 136 ndiyo iliyoonyesha utamu, na bado huandikwa chupani: 5 au 6 puttonyos. Siku hizi kinachopimwa hasa ni sukari, isiyopungua gramu 120 kwa lita.