Deni lisilokufa: franga zilizokatwa wakati milango ya banki ilifungwa



Katika mikutano ya kartye swali moja linarudi kila mara: «Banki ilifunga, nikakosa fasi ya kulipia, sasa wananidai penalite ya miezi ile yote. Je, naweza kurudishiwa?» Wanauliza hivyo Kadutu, wanauliza hivyo Panzi. Swali ni la leo, lakini halieleweki bila historia, ndiyo maana tunarudi nyuma kidogo kwanza.

Wazee wetu hawakuogopa deni la banki kama sisi. Waliogopa akiba. Zaire ilipozaliwa mwezi wa Juni 1967, zaire 1 ilikuwa na thamani ya dola 2. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli kabisa, Serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina kazi tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiwango kilichopimwa. Mtu wa Shabunda aliyeficha noti zake chini ya kitanda, angefika kwenye banki siku gani? Kisha, mwaka 1993, zaire 3,000,000 za zamani zikageuka zaire mpya 1. Mwaka uliofuata bei za vitu katika nchi zilipanda karibu asilimia 9,800. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja franka ya Kongo, na moja yake ilikuwa zaire mpya 100,000.

Piga hesabu mwenyewe: franka 1 ya mwaka 1998 ni zaire bilioni 300 za zamani. Aliyeacha banki zaire 1,000 mwaka 1970, sawa na dola 2,000 za wakati ule, hakubaki na kitu hata cha kununulia kiberiti.

Lakini tazama upande wa pili, ambao watu hawausemi sana. Aliyekuwa na deni la zaire mwaka 1992, miaka miwili baadaye angelilipa kwa bei ya ndizi chache. Akiba ilikufa, na deni likafa nayo. Hakuna aliyekwenda kudai kitu. Angemdai nani? Hapo ndipo watu wa Kivu walizoea kuweka mali yao katika dola, ng'ombe, mabati na likelemba.

Banki na koperative za mikopo zilipoanza kusimama tena kisha vita, na sheria mpya za tarehe 2 Februari 2002, mikopo mingi iliandikwa kwa dola. Hii ndiyo tofauti kubwa na wakati wa wazee. Franka inaweza kushuka, soko linaweza kuungua, mwenye deni anaweza kukimbia na kurudi mikono mitupu: deni la dola linamngojea palepale, limenenepa.

Kuanzia mwaka 2011 Serikali ilianza kulipa watumishi wake kupitia banki. Mwalimu akapata konti hata kama hakuiomba, na kisha konti akapewa avansi juu ya mshahara. Mshahara ukichelewa, konti inashuka chini ya zero, kile watu wa banki wanaita dekuvere, na kila siku chini ya zero ina bei yake. Yaani Serikali inachelewa, mwalimu ndiye analipa faini. Tumesoma karatasi za konti za namna hiyo, na bado hatujazoea.

Bukavu si mgeni wa milango iliyofungwa. Mji ulibadilisha mikono mwishoni mwa Oktoba 1996. Mwezi wa Juni 2004, wakati wa Mutebutsi na Nkunda, hata Banki Kuu iliporwa. Lakini miaka ile watu wachache sana walikuwa na mkopo wa banki. Februari 2025 ilikuta mji mwingine. Askari wa M23 waliingia Bukavu tarehe 16, banki zikiwa zimefunga, na nyuma ya milango ile kulikuwa na akiba za wengi pamoja na madeni ya wengi. Wenye akiba walivuka Ruzizi kutafuta franga zao upande wa Rwanda. Wenye madeni walibaki na kitabu cha malipo ambacho hakuna wa kukipigia muhuri.

Chukua mama mmoja, mwanachama wetu, muuza sambaza. Mkopo wake ulikuwa dola 600, na alikuwa amelipa zaidi ya nusu bila kuchelewa hata mara moja. Alipoitwa tena, alikuta riba, na juu ya riba penalite ya kuchelewa kwa kila mwezi ambao gishe ilikuwa imefungwa.

Na hapa historia inatuletea kitu ambacho hatukukitazamia. Sheria inayotawala mikataba katika Kongo hata leo ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ya wakati wa Leopold. Utawala ule haukumtakia mema mtu wa hapa. Lakini ndani ya dekreti ile kuna kanuni mbili zinazotufaa. Ya kwanza: mtu halipi fidia ya kukosa kutimiza ahadi kama alizuiliwa na nguvu isiyoweza kupingwa. Ya pili: aliyepokea kitu ambacho hakustahili kupokea, kwa makosa au kwa kujua, anapaswa kukirudisha.

Tuseme wazi kanuni hizo zinafika wapi. Hazifuti deni. Hazifuti riba iliyo katika mkataba. Zinagusa penalite ya kuchelewa, na hata hapo mwenye deni anapaswa kuonyesha kwamba kweli hakuwa na njia. Kama banki ilimwandikia kwamba anaweza kulipa kwa simu, na pesa alikuwa nayo, hoja yake inadhoofika.

Kwingine watu wamepigana vita hii kwa sheria mpya zaidi. Kenya, tangu tarehe 1 Mei 2007, banki hairuhusiwi kudai riba inayozidi deni lililokuwa limebaki siku mkopo ulipoharibika: kama ni shilingi 100,000, riba haipiti 100,000 nyingine. Uingereza, maelfu ya watu walidai warudishiwe faini za dekuvere, na kesi ikafika Mahakama Kuu kabisa. Tarehe 25 Novemba 2009 banki zilishinda. Mlango mmoja ulibaki wazi: mteja aliye katika shida ya kweli aliweza kuomba kesi yake itazamwe peke yake, na wengine walirudishiwa. Faini zenyewe za namna ile zilikatazwa mwezi wa Aprili 2020.

Sisi hatuna kesi kubwa ya kusimulia. Tuna barua. Mama wa sambaza alikuwa ameweka mkataba, kitabu chenye mihuri, na karatasi ya konti inayoonyesha kila kilichokatwa na siku yake. Tuliandika naye barua ya ukurasa mmoja: tukataja siku gishe ilipofungwa na siku ilipofunguliwa, tukaomba penalite ya siku hizo iondolewe na ile iliyokwisha kukatwa irudishwe kwenye deni. Jibu lilikawia wiki sita. Penalite iliondolewa, riba ikabaki. Mwanachama mwingine mwenye hoja ileile alikataliwa, kwa sababu kitabu chake kilipotea njiani wakati wa kukimbia, na mwenye kushika daftari lingine alikuwa ni mdai wake.

Barua hizi tunaziandika ofisini kila Alhamisi asubuhi, bila malipo. Kuja na mkataba na karatasi ya konti. Kama huna karatasi hiyo, tutaanza na barua ya kuiomba.