Timu ya Kisiwani: Vilabu Vidogo vya Ayalandi na Msimu wa Kiangazi

Huenda msomaji akashangaa kuona kurasa za walimu wa lugha zikizungumzia mpira wa nchi ya mbali. Tunamwomba astahimili, kwani habari hii inaanza na mwalimu mwenzetu. Michael Cusack alizaliwa mwaka 1847, wakati wa njaa kuu ya Ayalandi, katika kijiji cha Carron, kaunti ya Clare, na lugha aliyoinyonya kwa mamaye ilikuwa Kiayalandi. Alisomesha katika shule kadhaa, kisha mwaka 1877 akafungua shule yake mwenyewe mjini Dublin, akiwatayarisha vijana kwa mitihani ya utumishi wa serikali. Ujanani alipenda kriketi na raga, michezo ya Waingereza, wala hakuona ubaya wowote. Baadaye alitambua kwamba watu waliokuwa wakiipoteza lugha yao walikuwa wakiipoteza na michezo yao pia. Ndipo tarehe 1 Novemba 1884, katika hoteli ya Hayes mjini Thurles, yeye na wenzake wachache walipoanzisha Chama cha Riadha cha Kigaeli, Wagaeli wakiwa ndio wenyeji wa asili wenye lugha hiyo. Cusack akawa katibu. Mwaka 1886 aliondolewa, kwa kuwa barua na hesabu za chama hazikushughulikiwa ipasavyo. Alikuwa mwanzilishi hodari na karani dhaifu, tabia isiyokuwa ngeni katika vyama vya walimu.

Yafaa tueleze michezo yenyewe. Mmoja huchezwa kwa magongo mapana, na mpira mdogo hupigwa hata ukiwa hewani. Wa pili ni kandanda ya Kigaeli, ambayo mchezaji huruhusiwa kuudaka mpira na kuupiga kwa mkono. Mpira ukipita chini ya mwamba wa goli huhesabiwa pointi 3. Ukipita juu yake, kati ya miti miwili mirefu, kwa kawaida ni pointi 1. Hapo mwanzo kila timu ilikuwa na watu 21. Mwaka 1892 wakapunguzwa kuwa 17, na mwaka 1913 kuwa 15, nao wamebaki hivyo hadi leo. Mchezaji hapati mshahara, hata akicheza mbele ya watazamaji 80,000. Na jambo lililo kubwa zaidi kwa maelezo yetu ni kwamba klabu ni ya parokia: kijana huichezea ardhi aliyozaliwa, wala haendi kutafuta timu yenye bahati kuliko yake. Kanuni hiyo ndiyo fahari ya chama, nayo ndiyo chanzo cha taabu yake, maana parokia isiyo na vijana haiwezi kuwanunua kwingine.

Tuchukue kisiwa cha Valentia, magharibi kabisa ya kaunti ya Kerry. Urefu wake ni kilomita 11 hivi, na wakazi wake leo hawafiki elfu moja. Mwaka 1866 waya wa simu uliovuka bahari ya Atlantiki ulitia nanga hapo, na kituo chake kikawapa kazi watu wa kisiwa kwa miaka mia moja. Mmoja wao alikuwa Mick O'Connell, aliyezaliwa mwaka 1937, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa kandanda hiyo. Hakukuwa na daraja. Ili afike mazoezini au katika mechi bara, O'Connell alipiga makasia. Wasomaji wetu waliozaliwa visiwani au kandokando ya maziwa watajua maana ya kuvuka maji mkiwa na miadi, upepo ukiwa haujui miadi hiyo.

Kerry ilikuwa na dawa yake kwa vilabu vidogo, nayo yastahili kusifiwa. Katika mashindano ya kaunti, vilabu vya eneo moja viliruhusiwa kuungana na kutoa timu moja, bila klabu yoyote kufutwa. Hivyo watu wa Valentia walicheza chini ya jina la South Kerry, waliotwaa ubingwa mwaka 1958. Bingwa wa kaunti ndiye aliyekuwa na haki ya kumtoa nahodha wa Kerry, na haki hiyo ikamwangukia mpiga makasia wa Valentia. Tarehe 27 Septemba 1959, katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin, Kerry waliwashinda Galway magoli 3 na pointi 7 kwa goli 1 na pointi 4. Husimuliwa kwamba nahodha alifunga safari ya kurudi kisiwani usiku uleule, na kombe likasahaulika katika chumba cha kuvalia. Kombe lilipatikana, hadithi yenyewe imeishi kuliko habari za mchezo.

Lakini miaka ileile ya 1950 Waayalandi wapatao 400,000 walihama nchi yao, wengi wakielekea Uingereza. Reli iliyoishia ng'ambo ya bandari ya Valentia ilifungwa mwaka 1960, na kituo cha waya mwaka 1966. Daraja lilijengwa mwaka 1970, O'Connell akiwa ameshachoka na makasia; na daraja, kama tujuavyo, hupitisha watu kwenda na kurudi, wala halichagui.

Kiangazi ndicho kipindi kigumu kwa klabu ya namna hii. Mwezi Juni jua la Kerry hutua mnamo saa nne usiku, na mtu angedhani muda wa mazoezi ni tele. Kumbe ndio wakati wa kukata majani ya mifugo, wa kuvua na wa kuwahudumia watalii. Wanafunzi wa vyuo huenda Marekani kufanya kazi za likizo, na huko Boston na New York huzichezea timu za wahamiaji. Aliye bora kuliko wote huitwa na timu ya kaunti. Kwa miaka mingi mechi za vilabu ziliahirishwa hadi kaunti itolewe mashindanoni, na nyingine zikachezwa katika matope ya vuli.

Tangu mwaka 2022 ratiba imegawanywa: fainali za kaunti humalizika Julai, na miezi inayofuata ni ya vilabu. Mchezaji sasa aweza kujua mapema atacheza lini. Kwa klabu ya parokia yenye watu wengi, jambo hilo lilikuwa ndilo shida kuu, nalo limetatuliwa. Huko visiwani na milimani, mwalimu wa timu bado huanza kwa kuhesabu vichwa, na akifika 13 hupigia simu nyumba za waliostaafu.