Macho Yanaona, Ubongo Hautambui

Endelea tu kuchambua mboga zako huku tukizungumza.

Leo tunamwangalia mgonjwa anayeona sufuria lakini hajui kwamba ni sufuria. Macho yake ni mazima, na anaongea vizuri. Kwetu mtu wa aina hiyo huitwa mwenda wazimu, ama husemwa amerogwa, na hata kufungiwa chumbani. Madaktari nao walichukua muda kumwelewa.

Katika miaka ya 1870, mtafiti Hermann Munk wa Berlin aliwapasua mbwa na kuwatoa sehemu ya ubongo upande wa kisogoni. Mbwa hao walitembea bila kujigonga popote, lakini walikipita chakula kana kwamba ni jiwe. Munk aliita hali hiyo upofu wa roho. Mimi jina hilo silipendi, maana kwetu lingempeleka mgonjwa kwa mganga moja kwa moja.

Mwaka 1890, katika mji wa Breslau, ambao siku hizi uko Poland, daktari kijana Heinrich Lissauer aliandika habari za mzee mfanyabiashara wa miaka 80. Mzee aliweza kukiona kitu na hata kukichora, lakini hakujua ni nini. Akikishika au kuisikia sauti yake, alikitambua. Lissauer akaeleza kwamba ubongo una kazi mbili: kwanza kuunganisha umbo la kitu, kisha kulilinganisha na yale tunayoyajua. Mtu anaweza kupoteza moja akabaki na nyingine. Mwaka uliofuata Sigmund Freud akaleta jina agnosia, maana yake kutojua.

Baadaye ikaonekana kwamba ugonjwa huu una sura nyingi. Mwaka 1947 Joachim Bodamer aliandika juu ya watu waliojeruhiwa kichwani, ambao hawakuweza kutambua nyuso za watu. Wengine hupoteza utambuzi wa mkono: ukimfumba macho na kumpa ufunguo, anahisi chuma baridi lakini hajui ameshika nini.

Sasa sikiliza hili, mama. Mwaka 1988, nchini Italia, mwanamke wa miaka 34 alivuta hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi kutoka kwa hita ya maji akioga. Alipona, lakini hakuweza tena kutambua maumbo. Watafiti Goodale na Milner walieleza mwaka 1991 kwamba akiulizwa tundu la kutumbukizia barua limelala ama limesimama, hajui. Akiambiwa atumbukize kadi, mkono wake huielekeza sawasawa!

Hewa hiyo ndiyo inayotoka kwenye jiko letu la makaa. Haina harufu wala rangi. Usilale na jiko ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama mtoto anasikia baridi.

Na ikiwa nyanya ameamka leo hawatambui wajukuu, ama mdomo umepinda, ama mkono umelegea, huenda ni kiharusi. Mfikishe hospitalini saa hiyo hiyo, usingoje kesho. Kwa yule ambaye amebaki na agnosia, taja jina lako unapoingia, mpe kikombe akishike, na vyombo vyake viwekwe mahali pamoja kila siku.