Mfungaji wa Mabao Aliyeikimbia Vita ya Uhabeshi

Wenye ramani na waitazame Italia, kisha wavuke bahari mpaka Amerika ya Kusini, waitafute Argentina. Waitalia wengi walihamia huko kutafuta kazi, wakazaa watoto na wajukuu. Serikali ya Italia iliwahesabu wazao hao kuwa raia wake. Neno hilo, raia, lishikeni sana.

Mmoja wao ni Enrique Guaita, aliyezaliwa Argentina mwaka 1910. Alikuwa fundi wa mpira. Mwaka 1933 klabu ya Roma ilimchukua yeye pamoja na Waargentina wenzake wawili, Scopelli na Stagnaro. Na kwa kuwa alihesabiwa raia, Guaita akatiwa katika timu ya taifa ya Italia.

Mtawala wa Italia wakati huo alikuwa Mussolini. Kombe la Dunia la mwaka 1934 lilichezwa nchini mwake, naye alitaka ushindi ili utawala wake usifiwe duniani. Tarehe 3 Juni, mjini Milan, Italia iliifunga Austria bao 1 kwa 0. Aliyelifunga ni Guaita. Siku saba baadaye Italia ikatwaa Kombe. Katika timu ile walikuwamo watu wanne waliozaliwa Argentina! Msimu uliofuata Guaita akafunga mabao 28 katika ligi; hakuna aliyemfikia.

Lakini raia huweza kuitwa jeshini. Mwaka 1935 Mussolini alikuwa akikusanya majeshi ili aishambulie Uhabeshi, ndiyo Ethiopia. Waargentina wale watatu wakaona zamu yao inakaribia. Fikirini: mtu amekuja kucheza mpira, kesho apewe bunduki akawapige Wahabeshi, watu ambao hawakumkosea neno lolote. Mimi siwalaumu. Mwezi wa Septemba wakatoroka, wakavuka mpaka wakaingia Ufaransa. Huko nyuma Waitalia wakawaita wasaliti.

Vita ilianza tarehe 3 Oktoba. Roma nayo, bila wachezaji wake hao, ilimaliza ligi ya mwaka ule ikiwa ya pili, nyuma ya Bologna kwa pointi moja tu.

Guaita alirudi kwao. Mwaka 1937 alivaa fulana ya Argentina, na Argentina ikatwaa ubingwa wa Amerika ya Kusini.